Maji Kwanza, Mnyama Baadaye: Kumwandalia Aksolotli Tangi Safi na Salama



Tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya mnyama ambaye miaka michache tu iliyopita wengi wetu hatukuwa tumelisikia hata jina lake. Aksolotli ni jamii ya salamanda, naye ni ndugu wa mbali wa chura. Lakini chura huanza maisha akiwa kiluwiluwi majini, kisha akatoka nchi kavu, ilhali aksolotli hubaki na umbo lake la utotoni hadi uzeeni. Hayaachi maji, wala hapotezi matamvua yake, yale manyoya sita yaliyosimama nyuma ya kichwa, matatu kila upande, ambayo kwayo huvuta hewa iliyomo majini. Mdomo wake umekaa kama wa mtu anayetabasamu daima. Mwaka 2021 mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft ulimwingiza miongoni mwa viumbe wake, na tangu hapo watoto wa nchi nyingi wamemjua kabla ya wazazi wao, swali la "tutamnunua lini?" limeingia hata katika nyumba ambazo hazijapata kufuga samaki mmoja.

Tabasamu lile, tuseme mapema, ni umbo la taya tu. Aksolotli mgonjwa hutabasamu sawasawa na mzima. Kwa hiyo anayetaka kujua hali yake asimtazame usoni. Ayatazame maji anamoishi, na ayatazame kwa kipimo, si kwa macho.

Malalamiko ya wanunuzi wa wanyama wa majini hufanana mno. Mtu hununua tangi, chujio na mnyama siku moja, kwa risiti moja. Jioni hulijaza tangi maji, na usiku huohuo familia nzima huketi kumwangalia mgeni. Wiki ya kwanza yote ni shwari. Wiki ya pili mnyama anakataa chakula, matamvua yake yanajikunja kuelekea mbele, ngozi inaanza kuota utando mweupe kama pamba. Wiki ya tatu amekufa. Muuzaji anasema alikuwa mzima alipotoka dukani, naye asema kweli. Mnunuzi anasema maji yalikuwa maangavu kama ya kunywa, naye pia asema kweli. Kilichokosekana baina yao ni muda: wiki sita hivi, pengine nane, kati ya siku ya kununua tangi na siku ya kumnunua mnyama. Muuzaji anayewauzia vyote viwili kwa pamoja bila kuwaeleza jambo hilo amewauzia ugonjwa uliofungwa vizuri.

Kabla hatujafika huko, yafaa tujue mnyama huyu ametoka wapi, kwa sababu mahitaji yake yote yanatokana na asili yake. Kwao ni Meksiko, katika maziwa ya Chalco na Xochimilco, kwenye uwanda ulio karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Chalco lilikaushwa, na la Xochimilco limebaki mifereji inayopita kati ya bustani za wakulima, kusini mwa Jiji la Mexico. Mwaka 1998 watafiti walikadiria kuwa katika kila kilomita moja ya mraba walikuwamo aksolotli wapatao 6,000. Kufikia mwaka 2014 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 36 hivi. Maji machafu, pamoja na samaki wa kigeni waliopandikizwa humo, yametajwa kuwa miongoni mwa sababu kuu. Nasi Waafrika Mashariki tuna mkono wetu katika habari hiyo kwa namna ya ajabu, kwa maana mmoja wa samaki hao wa kigeni ni perege, aliyetoka Afrika.

Hata hivyo, wale wanaouzwa leo aghalabu ni vizazi vya wanyama waliozaliwa vifungoni. Mwaka 1864 aksolotli walifikishwa Paris, na mtaalamu Auguste Duméril akawapokea sita. Walizaana mwaka uliofuata, na uzao wao ukasambazwa katika maabara za Ulaya. Biashara ya kuvusha aksolotli kutoka nchi moja hadi nyingine imewekewa masharti chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini tangu mwaka 1975, na yako maeneo, kama vile jimbo la California huko Marekani, ambako kumfuga bila kibali ni kosa. Kwa hiyo swali la kwanza liulizwe katika ofisi ya wanyamapori ya mahali mnapoishi, na la pili kwa muuzaji: amezaliwa wapi, na hati yake iko wapi? Anayebabaika katika hilo, muachieni mnyama wake.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa ndipo wengi wetu tunaoishi karibu na Ikweta tunapopaswa kufanya uamuzi wa kweli. Maji ya aksolotli yanatakiwa kuwa na nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Akivumilia nyuzi 20 si ajabu. Zikipita 22 kwa siku kadhaa, anaanza kudhoofika. Maji yenye joto hubeba hewa kidogo, na wakati huohuo mwili wake unadai hewa zaidi. Ukungu na vijidudu hustawi. Na sumu ya kinyesi chake huwa kali zaidi. Mkazi wa Nairobi au Mbeya anaweza kuifikia shabaha hiyo kwa jitihada kidogo katika miezi mingi. Mkazi wa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar hawezi, isipokuwa kwa mashine ya kupoza maji inayofanya kazi usiku na mchana, na maji anayoyachota kwenye simtanki lililoanikwa juani huanza safari yakiwa na joto la chai iliyopoa.

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu feni. Feni ikipuliza juu ya maji huyashusha joto kwa nyuzi mbili hadi nne, kwa njia ya kuyageuza mvuke. Lakini hewa ya Pwani tayari imejaa unyevu, na maji hayageuki mvuke kwa urahisi, hivyo faida yake hupungua pale hasa inapohitajiwa. Kuhusu chupa za maji yaliyoganda zinazoelezwa tangini, hizo ni za dharura: joto hushuka ghafla, kisha likapanda barafu inapoyeyuka, na mnyama huumizwa na kupanda na kushuka huko. Basi chukueni kalamu. Andikeni bei ya mashine, umeme wake kwa mwezi, na saa ambazo umeme hukatika mtaani kwenu. Aksolotli huishi miaka 10 hadi 15. Zidisheni hesabu hiyo kwa miaka hiyo. Ikiwa jumla inawatisha, ushauri wetu ni kwamba msinunue. Wako samaki wa mapambo wanaopenda maji ya uvuguvugu, nao watawafaa watoto bila mateso kwa yeyote.

Kwa wale ambao hesabu imewakubalia, tangi liwe refu kuliko kwenda juu, kwa sababu mnyama huyu hutembea chini. Akikomaa hufikia sentimita 23 hadi 30. Lita 75 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa sana kwa mnyama mmoja. Sisi tungesema lita 110 au zaidi, kwani maji mengi huchafuka polepole na hubadilika joto polepole. Kumbukeni kwamba lita 110 ni kilo 110 kabla hamjaongeza kioo na mchanga. Kabati la televisheni halikutengenezwa kwa mzigo huo. Wekeni pimamaji ya fundi juu ya meza kabla ya kuweka tangi, kwani tangi lililoinama hubonyea upande mmoja na viungo vyake huachia. Liwe mbali na dirisha lenye jua. Liwe na kifuniko chenye matundu, maana aksolotli huweza kuruka nje, na asubuhi mkamkuta sakafuni.

Umeme na maji vinapokaa pamoja, tahadhari haina mbadala. Waya wa pampu na wa chujio uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone likitiririka kwenye waya lidondoke sakafuni. Chomoeni plagi zote kabla ya kutia mkono majini. Nyumba isiyo na swichi ya kukata umeme unapovuja, fundi aiweke kwanza.

Chini ya tangi pana mtego ambao maduka mengi huuza kwa mifuko ya rangi za kupendeza. Aksolotli hula kwa kufungua mdomo ghafla na kuvuta maji. Chochote kilicho karibu huingia. Changarawe zinazotosha mdomoni mwake atazimeza, nazo zitamziba utumbo. Acheni sakafu ya kioo wazi, au mtandaze mchanga laini sana, nao usubiri hadi mnyama apite sentimita 15 hivi. Mawe makubwa kuliko kichwa chake hayana neno. Mpeni mahali pa kujificha: chungu cha udongo kilicholazwa ubavu, au kipande cha bomba pana la plastiki ambalo kingo zake zimesuguliwa zikawa laini. Mnyama huyu hana kope, kwa hiyo taa kali humsumbua bila yeye kuweza kufumba macho. Chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa latosha nyumba nyingi, tena ni la bei nafuu, na mkondo wake ni mpole. Mkondo wa nguvu humchosha.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yatufae sisi, nayo huchoma matamvua na ngozi ya aksolotli. Kuyaacha maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 huondoa klorini ya kawaida, lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kungoja. Nunueni dawa ya kuondoa vyote viwili, ile isiyotiwa mshubiri wala viungo vingine vya "kutunza ngozi". Maji ya kisima hayana klorini, ila yanaweza kuwa na nitrati nyingi toka mashambani au vyooni, hivyo yapimwe. Maji ya mvua pekee hayana madini ambayo mnyama huyu anayahitaji, na yakipita kwenye bati kuukuu hubeba mengine asiyoyahitaji.

Na sasa zile wiki sita. Kinyesi cha mnyama na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo kiasi kwamba jicho na pua havitambui. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Na wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo mno na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawamo katika tangi jipya. Huzaliana polepole juu ya sponji, mawe na vioo, nao hawawezi kuzaliana pasipo chakula chao, yaani amonia yenyewe. Kuliacha tangi tupu likizunguka maji kwa mwezi mzima hakusaidii kitu, kwa kuwa mmewaandalia wageni nyumba bila chakula.

Njia ya uhakika ni kuwalisha bakteria kabla mnyama hajafika. Jazeni maji yaliyotibiwa, washeni chujio, kisha tieni amonia halisi, isiyo na manukato wala povu la sabuni, kidogokidogo hadi kipimo kisome milligramu 2 kwa lita. Chupa hiyo ifungiwe mbali na watoto, isivutwe puani, na kamwe isichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo, kwani hutoa hewa ya sumu. Asiyeipata anaweza kutumia kipande cha kamba mbichi kilichofungwa kwenye kitambaa kikaachwa kioze. Njia hiyo hufanya kazi, ingawa jirani wataijua. Pimeni kila baada ya siku mbili au tatu. Amonia itaanza kushuka, nitriti itapanda na kuwakatisha tamaa kwa wiki kadhaa, kisha nayo itashuka na nitrati kujitokeza. Siku mtakapotia milligramu 2 za amonia, na baada ya saa 24 kipimo kikasoma sifuri kwa amonia na sifuri kwa nitriti, tangi limekomaa. Badilisheni sehemu kubwa ya maji ili nitrati ishuke, yapozeni hadi nyuzi 18, na sasa mwende dukani kumtafuta mnyama.

Vipimo vyenyewe tungependa viwe vya matone. Vile vya karatasi ni vya haraka na rahisi, lakini husema "salama" mahali ambapo matone husema "hatari kidogo", na mnyama huumia katika tofauti hiyo. Kama fedha inaruhusu kununua kitu kimoja tu cha gharama, kisiwe pambo; kiwe kipimo cha matone.

Tangi likishakomaa, usafi wake ni kazi ndogo isiyokoma. Kila siku ondoeni kinyesi na chakula kilichosalia. Kila wiki toeni robo ya maji kwa mpira mwembamba, na mrudishe maji yaliyotibiwa yenye joto lilelile. Nitrati ikipita milligramu 20 kwa lita, ongezeni kiasi au mara za kubadilisha. Sponji la chujio lisioshwe chini ya bomba, kwa maana klorini itawaua wafanyakazi wenu wote kwa dakika moja. Likamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Sabuni isiguse chochote. Maji yaliyotolewa mwagilieni maua, yanayapenda. Chakula kikuu kiwe nyungunyungu waliotoka kwenye udongo usiotiwa dawa, au vidonge vya wanyama walao nyama vinavyozama. Nyama ya ng'ombe au kuku haimfai, na samaki wadogo wa kumlisha humletea vimelea. Wala asichanganywe na samaki: wakubwa humtafuna matamvua, wadogo huliwa. Inajulikana kwamba aksolotli huotesha mguu mpya akipoteza wa zamani, na wapo wauzaji wanaoitaja sifa hiyo kumtetea mnyama aliyejeruhiwa dukani. Msikubali.

Kwa upande wa afya yenu, wanyama wa jamii ya chura huweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kugusa maji, na isuuzwe vyema kabla ya kuyagusa tena. Ndoo, mpira na kikombe vya tangi viwe vya tangi tu. Visioshewe kwenye sinki la jikoni. Watoto wa chini ya miaka 5 wamtazame kupitia kioo.

Ikitokea siku mkapima na kukuta amonia au nitriti, mtoeni mnyama na kumweka katika beseni jipya la plastiki lenye kifuniko na maji yaliyotibiwa, yaliyo baridi kama tulivyoeleza, na yabadilishwe yote kila siku hadi tangi lipone. Beseni hilo linunuliwe mapema, maana jambo hili hutokea usiku wa Jumapili. Na anayeshindwa kuendelea naye asimwachilie mtoni, bwawani wala mtaroni. Amtafutie mfugaji mwingine, au arudi kwa muuzaji, jambo ambalo ni vyema liandikwe kwenye risiti tangu mwanzo, pamoja na tarehe, umri wa mnyama na urefu wake. Aliye chini ya sentimita 7 ni mchanga mno kwa mfugaji mpya.

Mkimleta nyumbani, mfuko wake uelee tangini hadi joto lilingane, muongeze humo maji ya tangi kidogokidogo, kisha mumwachie aingie mwenyewe bila kumimina maji ya dukani. Zimeni taa. Siku ya kwanza msimlishe.

Tunawakaribisha kwa maswali. Wale walioitika tangazo letu wakaja na maji ya nyumbani kwao katika chupa, waziweke hapa mezani na kuandika juu yake kama ni ya bomba, kisima au mvua. Vipimo tunavyo, na kila kimoja huchukua dakika chache tu.